Njia ya Mikaratusi

Wamama wapenzi, barabara ya kutoka Bukavu kwenda Katana mnaifahamu vizuri: Mudaka, Miti, Kavumu na uwanja wake wa ndege, kisha pale panapokatwa kwenda Lwiro. Wengi wenu mnaipita kila wiki mkiwa mmebanana ndani ya gari, kitunga magotini, macho kwenye mizigo iliyofungwa juu isije ikaanguka. Wiki hii tunawaomba mteremke nasi kabla ya kufika Lwiro, muache barabara, mfuate kijia kinachopanda kuingia katika pori la mikaratusi. Siyo mbali. Na hatuendi kutafuta kuni.

Tunaenda kutembeza mbwa.

Chekeni kwanza, sisi tutangoja. Kwetu mbwa hatembezwi. Anafungwa mchana, anafunguliwa usiku, anatupiwa ukoko wa bugali, basi. Kuzunguka na mbwa kwenye kamba ni mambo tuliyoyaona kwa wageni wa mashirika kule Muhumba, wakipita karibu na ziwa jioni. Lakini sababu ya safari zetu ni nzito kidogo, na afadhali tuieleze kabla hatujaingia katika miti.

Kati yetu yuko mama mmoja mjane. Ana mabinti wawili, mbuzi watatu, na nyumba ya mwisho kabisa ya kijiji, ile inayotazamana na migomba. Mbwa wake anaitwa Waseme. Jina hilo alilitoa mwenyewe baada ya kufiwa, wakati maneno ya majirani yalikuwa mengi. Mwenye kusikia alisikia. Tangu Waseme akue, hakuna mbuzi aliyeibiwa pale. Ila ana shida moja: akiona mtu asiyemjua, au mbwa mwenzake, hasa akijitokeza ghafla, anawaka kama majani makavu. Anavuta kamba, anabweka, meno yote nje. Siku moja kamba ilikatika, akamkamata mguu mama aliyekuwa anarudi na mzigo wa kuni. Na mama huyo naye ni wa chama chetu. Anakaa benchi moja na mjane kila Alhamisi.

Nyumbakumi akatoa muda hadi shule zifunge. Kama mbwa hajatulia, atauawa. Mjane akasema bila Waseme hawezi kulala mahali pale na mabinti wawili. Mama aliyeumwa akasema hawezi tena kupita njia ile, na njia nyingine ya kwenda kuni hana. Wote wawili wanasema kweli. Chama kilianza kugawanyika, benchi nalo likagawanyika, na ndipo sisi wanne tukajitolea kumchukua mbwa kila Jumamosi asubuhi, mwenyewe akiwa pamoja nasi.

Jambo la jeraha tuliseme mara moja, kwa maana hapo hakuna mchezo. Siku ile mguu ulioshwa kwa sabuni na maji ya kumiminika dakika 15 kamili, tukihesabu kwa simu, kabla ya kitu kingine chochote. Hatukupaka majani, wala pilipili, wala grisi ya pikipiki. Kisha kituo cha afya, siku ileile, kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo unakaa katika mate ya mnyama. Ukingoja mpaka dalili zionekane kwa mtu, munganga hana tena cha kufanya. Ukifika mapema, chanjo inaokoa. Si dawa ya jana: Louis Pasteur aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1885, kwa mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani wameupata kwa mbwa, na watoto wa chini ya miaka 15 ni wengi mno kati yao. Kwa hiyo mama, kama kituo cha kwanza kimekosa dawa, usirudi nyumbani kungoja. Uliza inapatikana wapi, uende.

Waseme naye alifungwa ndani ya lupango, akatazamwa siku 10. Mbwa ambaye tayari ana kichaa katika mate yake siku anapouma, hamalizi siku hizo akiwa mzima: anaacha kula, anatokwa na mate, anapooza, anakufa. (Chanjo ya mtu haingoji siku hizo ziishe, inaendelea.) Siku ya kumi Waseme alikuwa analamba sufuria. Munganga wa mifugo akamchanja, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mbwa huyu hana kichaa, ana woga.

Woga! Mbwa ambaye kijiji kizima kinamkimbia. Lakini tulipokaa na kufikiri tukaona ni kweli. Amefungwa mchana kutwa kando ya njia, na kila mtoto anayetoka shule anamrushia jiwe. Hawezi kukimbia, kamba ni fupi. Kwa hiyo anapiga kelele, na mtoto anaondoka. Mtoto alikuwa anaondoka hata hivyo, anaenda kwao kula, lakini mbwa hajui hilo. Yeye anaamini kelele yake ndiyo iliyomwokoa, na kesho atapiga zaidi.

Sasa tuingie.

Pori lenyewe si msitu wa kweli, tusidanganyane. Ni mashamba ya miti ya familia kadhaa, yameungana kilimani, mistari kwa mistari. Mkaratusi ni mgeni kutoka Australia, aliyefika kwetu wakati wa wakoloni akakataa kurudi. Anakunywa maji sana, na chini yake hapaoti kitu cha kupika. Wazee wanamlaumu, kisha wanamkata kujengea nyumba na kuchomea makala. Magamba yake yananing'inia kama vikwembe vilivyochanika. Ukipita asubuhi baada ya mvua unasikia ile harufu ya kujifukiza wakati wa mafua, kifua kinafunguka chenyewe. Jua linatoka upande wa ziwa, nyuma ya Idjwi, na mwanga unaingia kwa mistari kati ya mashina. Upande wa pili mlima Kahuzi, mita zake 3 308, mara nyingi bado umejifunika wingu hadi mabegani.

Tulipachagua si kwa uzuri wake. Tulijaribu kwanza njia ya migomba, ikashindikana ndani ya dakika tano, maana katika migomba mtu anatokea hatua tatu mbele yako bila habari, na Waseme hapendi mambo ya bila habari. Katika mikaratusi chini ni wazi. Unaona kati ya mashina hatua 60, pengine 80. Mtu anayekuja anaonekana akiwa bado mdogo kama kidole. Kile ambacho mkulima anachukia katika mti huu, yaani kwamba chini yake hapaoti kitu, kwa mbwa mwoga ni neema. Tena njia zake zinakatana mara nyingi, ukimwona mtu unapinda kushoto au kulia bila haraka, kama hujamwona.

Na saa zake tumezijifunza. Wachoma makala wanateremka kungali giza. Wamama wa kuni wanapanda kuanzia saa moja, watoto wa mbuzi wanafuata. Kati ya saa kumi na mbili kasoro na saa moja pori ni la ndege peke yao, na upepo juu kwenye majani, na hatua zetu. (Salongo tunaiwahi, msituandikie faini.) Wakati wa mvua majani chini ni laini, tunatembea kama katika kanisa lisilo na watu. Wakati wa kiangazi yanalia chini ya mguu, na hilo nalo linasaidia, maana Waseme anasikia mtu kabla hajamwona, na hashtuki.

Kamba hatumfungi shingoni. Mmoja wetu mshonaji alikunja kikwembe cha zamani mara nne, akashona mkanda unaopita kifuani na nyuma ya mabega, kamba ikashikiliwa mgongoni. Sababu ni nyepesi: mbwa akibanwa koo kila anapoona mtu, atajifunza kwamba mtu na kukabwa ni kitu kimoja. Munganga alitaka pia mdomo ufungwe, na nyumbakumi alitaka zaidi. Fundi wa vitunga alisuka kakitunga ka mdomo, kenye nafasi ya kuhema na kunywa maji. Tulimzoesha nyumbani siku nyingi kwa kumwekea sambaza ndani, mpaka akawa anaingiza pua mwenyewe.

Mfukoni tunabeba sambaza wakavu. Mmoja anatangulia, akiona mtu anainua mkono. Sisi wa nyuma tunamtazama Waseme, siyo mtu. Kabla mbwa hajabweka anasema mambo mengi ambayo hatukuwa tunayasoma: anafunga mdomo ghafla, analamba pua, anapiga miayo bila usingizi, mwili unakauka, nywele za mgongo zinasimama. Akimwona mtu mbali na bado yuko kimya, hapo hapo anapata sambaza, na tunapinda taratibu, kwa duara, kama mtumbwi unavyozunguka jiwe. Akishawaka, hakuna sambaza wala kipigo. Tunaondoka tu mpaka apumue. Maana akiwaka ni ishara kwamba tumemsogeza karibu kuliko anavyoweza, na somo la siku hiyo limeisha.

Kule ISP walitufundisha kwenda kutoka jambo jepesi hadi gumu, na mtoto anayepiga kelele akiitwa ubaoni mara nyingi si mkaidi, anaogopa ubao. Humvuti kwa sikio. Unamwuliza kwanza akiwa amekaa, kesho akiwa amesimama mahali pake, wiki ijayo mbele. Tulidhani maneno hayo ni ya darasani tu.

Jumamosi ya kwanza tulitumia nusu saa kupita hatua 50. Waseme alinusa kila shina, kila jiwe, mavi ya mbuzi, mahali ambapo mtu aliegesha kuni juzi. Mjane alitaka kumvuta, tukamwambia amwache. Mbwa anayenusa anapumua, na mkia wake ulikuwa umeshuka, jambo ambalo hata mwenyewe alisema hajawahi kuliona mchana.

Sehemu ngumu ilikuwa mzigo wa kuni. Tuliona kwamba mtu mwenye mikono mitupu Waseme anamvumilia upesi, lakini mama aliyebeba hamvumilii. Jaribuni kumwona mama huyo kwa macho ya mbwa: ameinama, uso chini, mkanda kwenye kipaji, mgongo wake una matawi yanayotoka kushoto na kulia, hatua nzito. Si mtu tena. Ni mnyama mkubwa asiye na uso. Na huyo huyo mama ndiye asiyeweza kujitetea, maana mikono yake inashikilia mkanda, hawezi kukimbia, hawezi kuokota jiwe, akianguka mzigo unamwangukia. Katika kijiji chetu mbwa wanawauma hasa watoto wanaokimbia na wanawake waliobeba. Hatukuwahi kulifikiri hivyo mpaka tulipolitazama kutoka kwenye kamba.

Basi Jumamosi ya tatu mmoja wetu alibeba mzigo mwepesi wa kuni, akasimama hatua 60 kati ya mashina. Waseme akakauka. Sambaza. Akatazama tena. Sambaza. Tukaondoka. Wiki iliyofuata hatua 45, naye akitembea. Wiki ya tano mama aliyeumwa alikuja mwenyewe, bila kuitwa, na kuni zake za kweli, kovu likiwa bado jekundu. Alisimama nyuma ya kisiki kirefu, mzigo chini kwanza, baadaye mgongoni. Hatua 40. Waseme alimtazama, akageuka kututazama sisi, akingoja samaki wake.

“Ananitazama kama mtu ninayemdai,” mama akasema. Tulicheka wote, hata mjane, ambaye alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kikwembe.

Hajakubali kusogea zaidi ya pale, na hatumsukumi. Naye ana umbali wake. Ikiwa tunampa mbwa muda wa kupumua, haifai kumnyima mwanamke aliyeumwa.

Koko mmoja aliyewahi kuishi upande wa Ituri, akituona tunapita, alituuliza kwa nini mbwa wetu hana kengele. Kule, wawindaji wa msituni wanawafunga mbwa wao kengele ya mti shingoni, kwa sababu mbwa wa kule karibu hawabweki, na mwindaji asingejua wako wapi. Miaka ya 1930 Waingereza walichukua baadhi ya mbwa hao kwenda kuwazalisha Ulaya, na hadi leo wanaitwa basenji duniani kote. Neno hilo ni ndugu wa lile letu la washenzi, na hatulipendi; mbwa wenye adabu ya kutopiga kelele hawakustahili jina hilo. Lakini kengele tuliichukua. Koko alituchongea ndogo ya mti, inalia ko, ko, ko, polepole. Sasa wamama wa kuni wakiisikia wanajua Waseme yuko njiani, wanapita ya juu, sisi ya chini, tunasalimiana kwa mbali.

Watoto nao tumewachukua mara mbili, darasa la tatu, bila mbwa. Tuliwasimamisha kati ya mikaratusi tukawaambia: mbwa akikujia, usikimbie, usipige kelele, usimtazame machoni. Simama kama mti huu. Mikono imeshuka, macho chini kwenye mizizi. Mti haumvutii mbwa, atanusa, ataondoka. Akikuangusha, jikunje kama jiwe, mikono ifunike shingo na masikio. Walisimama vizuri kuliko wanavyosimama kwenye bendera. Na tangu siku hiyo mawe yamepungua mbele ya lupango la mjane, ingawa hayajakwisha. Kuna kijana mmoja mkubwa tunamfahamu, na mama yake anasoma karatasi hii.

Mpaka wa matembezi yetu ni pale ambapo miti inaanza kubadilika, mikubwa ya zamani, yenye kivuli kizito, kuelekea majengo ya Lwiro. Kituo kile cha utafiti kilikuwa cha Wabeljiki wa IRSAC, shirika lililoanzishwa mwaka 1947, na leo kinaitwa CRSN. Tangu mwaka 2002 pana pia makao ya sokwe walionusurika kwa wawindaji na wachuuzi. Ukiwa kimya asubuhi unaweza kuwasikia wakiamka, sauti moja kwanza, halafu nyingi. Waseme akiwasikia anainua masikio, na sisi tunageuka. Magonjwa ya mbwa yanaweza kuwaua wanyama wa porini, na ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega mbwa haruhusiwi kabisa. Ni ya gorila kabla ya kuwa yetu. Kwa hiyo hatufiki huko, hata siku pori letu likijaa watu.

Bado kuna mbwa wengine. Wiki mbili zilizopita dume la mtu lilitoka bila kamba, likatukimbilia, na kazi ya mwezi ikarudi nyuma Jumamosi moja. Halafu hakuna kati ya mbwa hao aliyechanjwa, kwa kadiri tulivyouliza nyumba kwa nyumba. Waganga wa mifugo wanasema ugonjwa wa kichaa unakatika mahali ambapo mbwa 7 kati ya 10 wamechanjwa, kila mwaka. Sisi tunaye mmoja. Chama kimeandika barua kumwomba munganga aje siku moja kijijini, mbwa wote waletwe kwa kamba, asubuhi, wakitenganishwa. Nafasi tumeipata: upande wa chini wa pori, ambapo mistari ni mipana na mbwa hawatatazamana.

Nyumbakumi amekubali kuja kuona kabla ya kutoa neno lake. Atakuja Jumamosi hii. Tunapita njia ya juu, tunaanza saa kumi na mbili kasoro pale kwenye kisiki. Tunahitaji wamama watatu wa kubeba kuni wakati wa kupita. Mwenye mzigo aje nao, mwenye watoto wadogo awaache nyumbani, na msilete mbwa mwingine. Sambaza tunao.